Mashtaka ya jinai ya shirikisho Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na Waswahili waishio Marekani, na jamaa zao walioko Dar es Salaam, Mombasa, Goma au Bujumbura wanaopigiwa simu usiku kuambiwa kijana wao amekamatwa. Majibu yanahusu mahakama za serikali kuu, si za majimbo. Hayachukui nafasi ya wakili, lakini yatakusaidia kumwelewa wakili wako anapozungumza.

## Mambo ya msingi

Kesi ya shirikisho ni ipi, na nitaitambuaje?

Kila jimbo la Marekani lina sheria zake za jinai, polisi wake na mahakama zake. Ugomvi wa baa, wizi wa dukani na kuendesha gari umelewa kwa kawaida ni mambo ya jimbo. Kesi ya shirikisho ni kosa dhidi ya sheria za Bunge la nchi nzima: ulaghai uliopita kwenye simu, intaneti au posta, mikopo ya benki, kodi, dawa za kulevya, silaha, uhamiaji. Nchi imegawanywa katika wilaya 94 za mahakama hizi.

Angalia kichwa cha karatasi uliyopewa. Kikiwa na maneno "United States of America v." yakifuatiwa na jina lako, hiyo ni ya shirikisho. Kikitaja jimbo, kwa mfano "State of Texas", siyo.

Kuna tofauti kubwa katika utendaji. Polisi wa jimbo mara nyingi hukamata kwanza, upelelezi ukafuata. Wapelelezi wa shirikisho (FBI, DEA wa dawa za kulevya, wa kodi, wa posta) aghalabu hujenga kesi kwanza. Wanapobisha hodi saa kumi na mbili asubuhi, huenda tayari wana taarifa zako za benki za miaka miwili na ujumbe wa rafiki yako aliyekwisha kuamua kushirikiana nao. Ndiyo maana kesi hizi nyingi huamuliwa na kile ulichosema na ulichosaini mapema, kabla jopo la raia 12 halijaketi.

Nimeshamalizana na jimbo. Serikali kuu inaweza kunishtaki tena kwa tendo lilelile?

Ndiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza hivyo mwaka 2019 katika kesi ya Gamble: jimbo na serikali kuu ni mamlaka mbili tofauti. Haitokei kila siku, ila usikiri kosa mahakama ya jimbo kabla wakili hajaangalia kama upande wa pili nao unakutazama.

Ni mambo gani ya kawaida kwetu ambayo huko ni kosa la shirikisho?

Miraa kwanza. Meru ni zao la biashara na pwani watu wanatafuna barazani, lakini kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi imewekwa jedwali la kwanza la dawa haramu Marekani, jedwali moja na heroini. Majani yakikauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo iko jedwali la nne lenye adhabu nyepesi. Kwa hiyo ripoti ya maabara inapaswa kusomwa kwa makini: sampuli ilichukuliwa lini, ilihifadhiwaje, ilikutwa na nini. Tena serikali lazima ithibitishe kuwa mshtakiwa alijua anabeba kitu kilichopigwa marufuku, au alijua ni kitu gani hasa. Aliyetumiwa kifurushi cha "majani ya chai" na shemeji yake ana hoja. Aliyekwisha kupokea vifurushi kumi kwa majina matano hana.

Pili ni pesa. Kutuma fedha za watu nyumbani kwa hundi au hawala, hata kwa kamisheni ndogo, ni biashara inayotaka usajili wa serikali kuu na, karibu kila jimbo, leseni ya jimbo. Bila hivyo unakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 5, na sheria inasema wazi kwamba kutojua kuwa leseni ya jimbo inahitajika si kinga.

Tatu, upatu, au chama kama wasemavyo Wakenya, au likelemba kwa Wakongo. Upatu wenyewe si kosa. Shida huanza kwa mweka hazina. Benki hutoa ripoti kwa serikali kila mtu anapoweka au kutoa taslimu zaidi ya dola 10,000 kwa siku. Mweka hazina anasikia hivyo, anaogopa, anaweka 9,000 Jumatatu, 9,500 Jumatano. Pesa ni halali kabisa, lakini kuzigawanya ili kukwepa ripoti ni kosa la jinai. Weka zote kwa mkupuo, ripoti iandikwe, na utunze daftari la wanachama.

Vilevile kubeba zaidi ya dola 10,000 uwanja wa ndege si kosa, kutozitangaza ndilo kosa. Kiwango hicho ni cha familia inayosafiri pamoja, si cha kila mtu, hivyo kugawana bahasha na mkeo hakukuokoi.

## Wapelelezi wanapokuja

Wako mlangoni. Nifungue? Niongee nao?

Ongea nao mlango ukiwa umefungwa, uulize kama wana hati ya upekuzi au ya kukamata. Waombe waipitishe chini ya mlango. Hati halali ya kuingia nyumbani imesainiwa na jaji au hakimu na ina anwani yako sahihi au, ikiwa ni ya kukamata, jina la mtu wanayemtafuta. Karatasi ya maafisa wa uhamiaji iliyosainiwa na ofisa wao wenyewe haiwapi ruhusa ya kuingia bila ridhaa yako. Wakiwa na hati halali, fungua, usizuie chochote, kaa pembeni, na uombe orodha ya walivyochukua.

Kuhusu maswali, sema kwa sauti, na kwa Kiingereza hata kama ni cha kubahatisha: "I want a lawyer. I will not answer questions." Kunyamaza tu hakutoshi. Mahakama imeshasema haki ya kunyamaza inapaswa kudaiwa kwa maneno.

Kwetu mgeni akibisha hodi anakaribishwa, anapewa chai, na kukataa kuongea kunaonekana utovu wa adabu au dalili ya hatia. Hilo limewaponza wengi. Kumwambia mpelelezi wa shirikisho uongo kuhusu jambo lenye uzito katika upelelezi wake ni kosa linalojitegemea, kifungo hadi miaka 5, hata kama hukuapa na hata kama mlikuwa sebuleni. Mfanyabiashara Martha Stewart alitiwa hatiani mwaka 2004 kwa kudanganya wapelelezi na kuzuia upelelezi. Shtaka la ulaghai wa hisa lenyewe jaji alilitupa. Ukitaka kuwasaidia, fanya hivyo baadaye, wakili akiwa kando yako.

Hawakunisomea haki zangu. Kesi inafutwa?

Hapana. Haki za Miranda (1966) zinahusu mtu aliye mikononi mwa polisi na anayehojiwa. Mazungumzo ya hiari nyumbani au kazini hayahitaji onyo hilo. Pale lilipohitajika na halikutolewa, maelezo yako ndiyo yanayoweza kuondolewa kwenye ushahidi. Ushahidi mwingine unabaki.

Wanataka simu yangu na nenosiri lake.

Tangu kesi ya Riley ya 2014, polisi wanahitaji hati ya jaji ili kupekua simu, hata wakikukamata nayo mkononi. Usiwape ridhaa, usitoe nenosiri kabla ya kuongea na wakili. Mpakani na uwanja wa ndege mambo ni tofauti, kwani maafisa wa forodha hukagua simu bila hati.

Usifute chochote. Kuharibu kumbukumbu ili kukwaza upelelezi kuna adhabu ya hadi miaka 20, na mara nyingi ujumbe uliofutwa hupatikana kwenye simu ya yule uliyemwandikia. Mtu aliyefuta mazungumzo ya WhatsApp huwa amempa mwendesha mashtaka kielelezo kizuri kuliko mazungumzo yenyewe.

Nimeletewa barua au wito wa granjuri. Maana yake nini?

Granjuri ni jopo kuu la raia, kati ya 16 na 23, linalokaa faragha kuamua kama kuna sababu ya kutosha kumshtaki mtu. Wakikubali angalau 12, hati ya mashtaka inatoka. Wito unaweza kukutaka wewe mwenyewe au nyaraka tu. Wakili haruhusiwi kuingia nawe chumbani, ila una haki ya kuomba kutoka kwenda kumuuliza akiwa nje.

Wakili wako atampigia mwendesha mashtaka kuuliza uko kundi gani: shahidi tu, mtu ambaye mwenendo wake unachunguzwa, au mlengwa. Barua inayosema wewe ni mlengwa ina maana wanakaribia kukushtaki. Pia ni dirisha la mwisho la kuzungumza kabla mashtaka hayajaandikwa, na mawakili wazuri hulitumia.

Amenipigia mtu anasema ni FBI, nilipe kwa kadi za zawadi au nitakamatwa.

Tapeli. Kata simu.

## Kukamatwa na dhamana

Siku ya kwanza mahakamani kunatokea nini?

Unapelekwa mbele ya hakimu bila kucheleweshwa. Anakueleza mashtaka na haki zako, na kama huna uwezo anakuteulia wakili. Utajaza fomu ya hali ya kifedha. Ijaze kwa ukweli, maana ni tamko chini ya kiapo. Kabla ya hapo huja ofisa wa uangalizi wa kabla ya kesi kukuuliza unaishi wapi, unafanya kazi gani, una familia gani, unasafiri mara ngapi. Jibu hayo wakili akishakubali, lakini kuhusu kesi yenyewe usiseme neno.

Dhamana ni pesa ngapi?

Hili ndilo familia hukosea zaidi. Wanachanga, wanauza kiwanja Bagamoyo, wanatuma pesa, kisha wanakuta hakuna wa kuzipokea. Chini ya sheria ya dhamana ya 1984, swali kuu si pesa bali ni kama utarudi mahakamani na kama ni hatari kwa watu. Wengi huachiwa kwa kusaini tu ahadi ya deni, wakidaiwa iwapo watatoroka.

Mwendesha mashtaka akiomba ubaki ndani, anaweza kuahirishiwa hadi siku 3 ili ajiandae, na upande wako hadi siku 5. Tumieni siku hizo. Kinachomshawishi hakimu ni vitu vya kushikika: pasipoti iliyosalimishwa, anwani ya nyumba utakayokaa na mwenye nyumba aliyekuja mahakamani mwenyewe, barua ya mwajiri, ndugu wawili watatu wenye kazi walio tayari kusaini kama wadhamini. Imamu au mchungaji anayekujua anasaidia akija kwa miguu yake. Barua peke yake haina nguvu hiyo.

Kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya na baadhi ya makosa ya silaha, sheria huanza na dhana kwamba unastahili kubaki ndani, na ni juu yako kuleta ushahidi wa kuipinga.

Tahadhari kwa asiye raia: idara ya uhamiaji ikiwa imekuwekea ombi la kukushikilia, kuachiwa na hakimu kunaweza kuwa kukabidhiwa kwao. Muulize wakili kabla ya kusherehekea.

Ubalozi wetu utajulishwa?

Hakimu lazima amwambie asiye raia kuwa anaweza kuomba ubalozi ujulishwe. Kwa Mtanzania, mkataba unailazimu Marekani kujulisha hata bila kuombwa. Kwa Mkenya ni kwa hiari yake. Kama wewe ni mkimbizi uliyeikimbia serikali yako, mwambie wakili wako hilo mara moja. Maafisa hawatakiwi kuueleza ubalozi kuwa uliomba hifadhi.

## Wakili na mkalimani

Wakili wa kupewa na mahakama si ni mtu wa serikali huyo?

Analipwa na serikali lakini bosi wake ni wewe, na siri zako ni siri zake. Mfumo huu umejengwa juu ya kesi ya Johnson dhidi ya Zerbst ya 1938 na sheria ya 1964 ya malipo ya mawakili wa wasio na uwezo. Mawakili wa ofisi ya utetezi ya shirikisho hawafanyi kazi nyingine. Wanawajua majaji wa wilaya hiyo na wana wapelelezi wao. Ukweli usiopendeza ni kwamba wengi wao ni bora kuliko wakili wa talaka au wa uhamiaji ambaye ukoo umemchangia dola 15,000 na hajawahi kusimama mbele ya jaji wa shirikisho.

Nina haki ya mkalimani wa Kiswahili?

Ndiyo, kwa gharama ya mahakama, chini ya sheria ya 1978. Ila mtihani wa shirikisho wa wakalimani uko kwa Kihispania. Kiswahili hakina, kwa hiyo unayemkuta anaweza kuwa bingwa au mtu aliyekisoma chuoni miaka miwili. Kama wewe ni wa Lubumbashi au Uvira na mkalimani ni wa Zanzibar, au kinyume chake, sema mapema pale mnapopishana. Kutikisa kichwa kwa heshima kunarekodiwa kama "ndiyo".

Matatizo makubwa huwa kwenye tafsiri za ujumbe na simu zilizonaswa. Mwombe wakili akupe maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza, uyapitie mstari kwa mstari, na uanze na saa. "Tukutane saa mbili usiku" ni 8 usiku kwa hesabu yao. Mtafsiri akiandika "2", wewe uliyekuwa kazini saa nane za usiku unaonekana mwongo, au unapoteza ushahidi kwamba ulikuwa kwingine. Halafu "mzigo". Kwetu mzigo ni mitumba, ni kontena, ni begi la mgeni, na mitaani hata pesa. Mtafsiri anayejua kuwa kesi ni ya dawa ataandika neno la Kiingereza lenye harufu ya dawa. Kisha "nilikubali": nilisema ndiyo, niliafiki, au nilikiri? Na "ndugu", ambalo tutalirudia kwenye swali la fomu za uhamiaji hapa chini. Upande wa utetezi unaweza kuomba fedha za mahakama kumlipa mtaalamu wake wa lugha.

## Kujenga utetezi

Utetezi hasa unasimama juu ya nini?

Kila kosa lina vipengele, na serikali lazima ithibitishe kila kimoja bila kuacha shaka ya msingi. Wewe huna wajibu wa kuthibitisha lolote. Wakili hukata shtaka vipande na kutafuta kilicho dhaifu.

Katika kesi za ulaghai kipande dhaifu mara nyingi ni nia: ulikosea au ulikusudia kudanganya? Katika kesi za dawa na silaha ni upekuzi. Hati ikiwa na kasoro, au ofisa alimdanganya hakimu kwa makusudi ili aipate, ushahidi unaweza kuzuiwa. Usiweke matumaini yote hapo, maana tangu 1984 mahakama hukubali ushahidi pale polisi alipoitegemea hati kwa nia njema. Kuna pia muda wa kushtaki: kwa kawaida miaka 5 tangu kosa, 10 kwa ulaghai wa benki na wa uraia, na tangu 2022 ni 10 kwa mikopo ya wakati wa korona.

Hoja ya kutegwa ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Wapelelezi kukupa nafasi ya kutenda kosa si kosa lao. Lazima wawe ndio walioanzisha wazo kwa mtu ambaye hakuwa na mwelekeo huo.

Nilimwazima mtu akaunti yangu tu. Sikujua pesa ni za wizi.

Hii ni kweli kwa wengi, na ndiyo kesi ngumu zaidi kuieleza. "Rafiki" anaomba apitishie dola 18,000, unabaki na 1,000, nyingine unazituma unakoelekezwa. Pesa zilitoka kwa mjane wa Ohio aliyedhani ana mchumba mtandaoni.

Mwendesha mashtaka hatatafuta ungamo lako. Ataweka mezani kwamba benki ya kwanza ilikufungia akaunti na kukuambia sababu, nawe ukafungua nyingine. Kwamba ulitoa taslimu saa chache baada ya pesa kuingia, na ulimwambia karani ni pesa za harusi. Na jaji anaweza kuliambia jopo kuwa mtu aliyefumba macho makusudi ili asione huhesabiwa kuwa aliona.

Kinachokusaidia ni kile kinachoonyesha kuwa nawe ulidanganywa: ujumbe ambamo uliuliza pesa ni za nini na ukapewa jibu la kuaminika, ankara za bandia ulizotumiwa, jina na anwani yako halisi ulizotumia kila mahali, na tarehe uliyoacha baada ya kushtuka. Hifadhi vyote, umpe wakili, usimpe mwingine.

Sikumjua hata mmoja wa wenzangu kwenye hati. Inakuwaje tumekula njama?

Njama ni makubaliano, na si lazima umjue kila mtu wala kila hatua. Inatosha uliafiki lengo na kujiunga kwa kujua. Ukishakuwa ndani unaweza kubeba makosa ya wenzako yaliyotabirika. Kujitoa kunawezekana, ila ni juu yako kuthibitisha kuwa ulijitoa waziwazi. Kuacha kupokea simu tu hakutoshi. Kuwa ndugu, kukaa nyumba moja au kuwepo tu si njama, na hoja hiyo imeokoa watu.

Nitaona ushahidi wao lini?

Ukiomba, wanapaswa kutoa maelezo yako mwenyewe, nyaraka na ripoti za wataalamu. Tangu kesi ya Brady ya 1963 wanapaswa pia kutoa chochote cha maana kinachokunufaisha, na tangu 2020 jaji huwakumbusha hilo kwa amri katika kikao cha kwanza. Maelezo ya mashahidi wao kisheria yanaweza kusubiri hadi shahidi amalize kutoa ushahidi wa upande wao, ingawa mara nyingi hutolewa mapema. Mara nyingi kuna amri ya kutosambaza. Kumpigia binamu picha za nyaraka hizo kunaweza kukurudisha ndani.

Kuna mtu YouTube anasema nikikana kuwa mkazi wa shirikisho mahakama haina mamlaka.

Hoja hiyo hutupwa kila inapoletwa. Usilipie fomu zake.

## Kukiri au kwenda mbele ya jopo

Kwa nini karibu wote wanakiri?

Zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaotiwa hatiani hukiri. Ushahidi kwa kawaida ni mzito, na tofauti ya adhabu ni kubwa. Miongozo ya adhabu ina ngazi 43 za uzito wa kosa na makundi 6 ya historia ya jinai. Anayekubali wajibu hupunguziwa ngazi 2, na nyingine 1 kama ngazi yake ni 16 au zaidi na alisema mapema kuwa atakiri. Kwa asiye na rekodi, ngazi ya 24 ni miezi 51 hadi 63, ya 21 ni miezi 37 hadi 46. Tangu Novemba 2023, wengi wasio na alama yoyote ya rekodi, wala ukatili katika kosa lao, hupunguziwa 2 zaidi: ngazi ya 19 ni miezi 30 hadi 37.

Pambano la kweli kwenye kesi za pesa ni hesabu ya hasara, kwa kuwa ndiyo inayopandisha ngazi. Dai kila muamala uelezwe. Tangu kesi ya Booker ya 2005 miongozo hii haimfungi jaji, lakini wengi huanzia hapo.

Waendesha mashtaka wanataka nikae nao nieleze yote. Nikubali?

Kikao hicho huwa na barua inayosema maneno yako hayatatumika moja kwa moja dhidi yako. Isome na wakili: kwa kawaida yanaweza kukufungulia njia za upelelezi, na yatatumika ukibadilisha maelezo mahakamani. Uongo mmoja mdogo wa kumkinga ndugu unaharibu yote. Usiende kama hujawa tayari kusema kila kitu, pamoja na yanayokuaibisha.

Mimi si raia. Nikikiri nitafukuzwa nchini?

Inawezekana sana, na tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza kabla hujakiri. Ulaghai wenye hasara ya zaidi ya dola 10,000 huhesabiwa kosa zito la uhamiaji hata kama hukufungwa siku moja. Mkopo wa juu wa korona wa kulipia mishahara (PPP) kwa mtu aliyejiajiri peke yake kwa kawaida ulikuwa dola 20,833, kwa hiyo mkopo mmoja tu wa uongo unavuka mstari. Kiasi cha hasara kinachoandikwa kwenye makubaliano kinaweza kuwa na uzito kuliko miezi ya kifungo. Pigania sentensi hiyo kabla hujaisaini.

Kwenye fomu za ukimbizi niliandika mtoto wa marehemu kaka yangu kuwa ni mtoto wangu. Ni uongo?

Kwa Kiswahili ni mtoto wako. Kwa sheria ya Marekani ni mpwa. Hapo ndipo "ndugu", "mtoto" na "baba mdogo" vinapogeuka kuwa kesi ya ulaghai wa uhamiaji au wa uraia, hasa baada ya kipimo cha DNA. Utetezi una sehemu mbili: fomu ilijazwa na nani na kwa tafsiri gani, na je uongo huo ulikuwa na uzito? Kesi ya Maslenjak ya 2017 iliamua kuwa mtu hawezi kuvuliwa uraia kwa jinai kwa uongo ambao haukuwa na mchango wowote katika kuupata. Usiirekebishe fomu mwenyewe kabla ya kuongea na wakili.

## Adhabu na baada yake

Jaji hupangaje kifungo?

Ofisa wa mahakama huandaa ripoti na kuitoa angalau siku 35 kabla ya hukumu. Una siku 14 za kupinga makosa yake. Msiipuuze, kwa sababu magereza wataitumia kwa miaka yote utakayokuwa ndani. Baadhi ya makosa yana kima cha chini kisichovunjwa: kilo 1 ya heroini ni miaka 10, gramu 100 ni 5. Njia za kushuka chini yake ni mbili kuu, kusaidia upelelezi au kutimiza masharti ya wasio na rekodi nzito.

Kushinda mashtaka mengi si lazima kukuokoe. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar alishtakiwa New York kwa makosa 285 kuhusu milipuko ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 1998. Mwaka 2010 jopo lilimwachia 284, na kwa lile moja lililobaki alipewa kifungo cha maisha. Tangu Novemba 2024 miongozo haihesabu tena mwenendo ambao mtu ameachiwa huru na mahakama ya shirikisho, lakini kosa moja zito bado linatosha.

Hakuna parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha. Kwa makosa ya tangu Novemba 1987 mfumo huo uliondolewa. Mwenendo mzuri unakupunguzia hadi siku 54 kwa kila mwaka wa adhabu.

Nina muda gani kukata rufaa?

Siku 14 tangu hukumu kuandikwa. Mwambie wakili kwa maandishi kuwa unataka rufaa. Angalia kama makubaliano yako yaliiuza haki hiyo. Malalamiko kuhusu uzembe wa wakili yana njia nyingine, yenye kikomo cha mwaka mmoja tangu hukumu kuwa ya mwisho.

Wamechukua pesa na gari langu bila kunishtaki.

Utaletewa notisi ya barua yenye tarehe ya mwisho ya kudai, kwa kawaida siku 35 tangu ilipotumwa. Ukipitisha, mali inakwenda. Anwani ya zamani ndiyo adui hapa.

## Hali zisizo za kawaida

Sijawahi kukanyaga Marekani. Wanaweza kunishtaki nikiwa Mombasa?

Wanaweza, kama mzigo au pesa zililenga Marekani. Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014 baada ya mtego wa DEA, wakapigania kesi ya kuhamishwa zaidi ya miaka miwili, kisha Januari 2017 wakasafirishwa hadi New York kabla kesi hiyo haijakamilika. Walikiri mwaka 2018, wakafungwa miaka 25 na 23. Namna mtu alivyofikishwa huko kwa kawaida haifuti mamlaka ya mahakama, kanuni iliyopo tangu 1886. Kwa hiyo utetezi wa uhamisho hufanyika nyumbani, mbele ya mahakama za Kenya au Tanzania, kabla ndege haijaondoka.

Ndugu yetu amekamatwa na hatujui alipo. Tumtafuteje?

Piga simu ofisi ya utetezi ya shirikisho ya wilaya alikokamatwa, na ofisi ya makarani wa mahakama hiyo. Tovuti ya magereza ya shirikisho mara nyingi haimwonyeshi bado, kwa kuwa kabla ya hukumu hushikiliwa na maafisa wa Marshals, yaani walinzi wa mahakama za shirikisho, pengine katika jela ya kaunti. Hati za kesi zinasomwa kwenye mfumo wa PACER kwa senti 10 kwa ukurasa, bila kuzidi dola 3 kwa hati, na hulipi chochote ukibaki chini ya dola 30 kwa miezi mitatu.

Akipiga simu kutoka jela, tukiongea Kiswahili watatuelewa?

Simu zote zinarekodiwa isipokuwa zile za wakili zilizosajiliwa. Kiswahili, Kibembe, Kinyamulenge, lugha za mafumbo za mitaani, vyote hutafsiriwa, na mtafsiri anaweza kukosea kwa hasara yenu kama tulivyoeleza kwenye swali la mkalimani. Muulize kama amekula, mwambie watoto hawajambo, mpe jina la wakili na saa atakayokuja. Taja saa hiyo kwa hesabu ya Kizungu.